Wimbo wa Nne wa Lifti Mbovu

Jumatatu, 6 Septemba 1982

Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote, si Mama, si kasisi, si yule mwanamke wa jeshi la majini aliyekuja na biskuti: sijamlilia Adrian. Hata tone moja. Meli yake ya kivita ilizama mwezi wa tano kule kusini, kwenye vita vya kugombea visiwa, vita vikaisha, watu wakapeperusha bendera, na mtaa mzima unaamini kwamba kaka yangu namlilia nikiwa peke yangu, kwa kuwa mimi ni mpole. Bi Crookes wa nyumba ya pili hunishika bega na kusema, "Lia tu, kipenzi, usijibane." Naitikia kwa kichwa kama mtu anayejibana. Sijibani. Hakuna cha kubana. Ni kama mguu ulioukalia mpaka ukafa ganzi. Unauona, unajua ni wako, unauchoma kwa kidole, haujibu.

Naandika kwa sababu shule imekwisha na hakuna tena anayeniuliza maswali.

Leo nimeanza kazi. Mpango wa serikali wa vijana umenipeleka kwenye karakana ya vijiko, nyuma ya stesheni. Nafunga uma kwenye karatasi laini.

Jumanne, 7 Septemba

Uma.

Jumatano, 8 Septemba

Uma. Mvua.

Ijumaa, 10 Septemba

Kuna mama mmoja pale karakana anaitwa Noreen. Yeye ni mng'arishaji: anasimama mbele ya gurudumu linalozunguka na kusugua vijiko mpaka viwe kama kioo. Vumbi lake ni jeusi na linanata, kwa hiyo anajifunga kitambaa chekundu kichwani na kujizungushia magazeti juu ya aproni, na kuyakaza kwa kamba. Anatembea akichakacha kama kifurushi cha chipsi.

Leo wakati wa chai aliniketisha kando yake.

"We binti, una ulimi au uliuacha shule?"

"Ninao."

"Haya, mpeni kombe! Neno moja kwa wiki moja. Tukifika Krismasi atakuwa ametupa sentensi nzima."

Wote walicheka. Mimi nilitabasamu mahali ambapo mtu hutabasamu. Halafu mtu akamnong'oneza kitu, nikajua ni kuhusu Adrian, kwa sababu Noreen aliacha kucheka na kunisukumia kipande chake cha mkate uliopakwa mafuta ya nyama.

Nyumbani, Mama amefuta vumbi chumbani kwa Adrian, kama kila Ijumaa. Hairuhusiwi kuhamisha kitu humo. Soksi ziko pale pale alipozitupa.

Jumamosi, 18 Septemba

Roland aliniita nikipita sokoni. Duka lake la santuri liko juu ya muuza maini na utumbo, unapanda ngazi ukiwa umeziba pua. Ana nywele za mtu aliyeamshwa ghafla, na Adrian alishinda kwake kila Jumamosi tangu akiwa na miaka kumi na minne.

"Staniforth mdogo," alisema, halafu akaangalia viatu vyake. "Kaka yako aliagiza kitu mwezi wa tatu, kabla hajaondoka. Kimechelewa. Ndiyo kwanza kimefika. Sikujua kama nikupe au nisikupe."

Ni santuri ya bendi ya hapa hapa Sheffield, inaitwa Lifti Mbovu. Sijawahi kuisikia. Santuri yenyewe inaitwa Ngazi Pekee. Jalada lina picha ya ukuta wa maghorofa ya manispaa, ya kijivu juu ya kijivu, na hakuna jina la mtu hata mmoja. Karibu na lebo pameparuzwa kwa mkono, ndani ya plastiki nyeusi, maneno madogo sana: ngazi ziko kulia kwako. Adrian alipenda mikwaruzo hiyo. Alikuwa anainamisha santuri kwenye mwanga na kuisoma kabla hata hajaipiga.

Nimeificha chini ya godoro langu.

Jumatatu, 20 Septemba

Nimeingia.

Mama huenda kusafisha ofisi kuanzia saa kumi na moja jioni. Baba tangu kiwanda cha chuma kifungwe hushinda kwenye kishamba chake cha manispaa na vitunguu vyake, akirudi anakaa jikoni bila kuwasha redio. Kwa hiyo kuna saa moja ambayo chumba hakina mlinzi.

Sikuhamisha kitu. Nilipiga magoti sakafuni, nisikae kitandani. Nilibonyeza kitufe cha umeme cha gramafoni, nikaweka santuri, nikateremsha sindano. Nilipunguza sauti mpaka ikawa karibu na kimya. Kuna swichi moja ya pembeni, ya kuchagua mwendo: juu arobaini na tano, kwa santuri ndogo za wimbo mmoja, chini thelathini na tatu, kwa kubwa. Ilikuwa chini. Sikuigusa. Ni kitu cha mwisho ambacho kidole chake kiligusa kwenye mashine hiyo, kwa hiyo itabaki kilipoiacha.

Nyimbo ni nane. Nilisikiliza nne, nikarudisha kila kitu, nikashuka kumenya viazi.

Jumanne, 21 Septemba

Uma. Kichwani wimbo wa nne.

Jumatatu, 27 Septemba

Nataka kuieleza sawasawa, kwa sababu sijawahi kusikia muziki kama huu na sijui kama kuna mwingine anayeusikiliza.

Ni polepole. Gitaa la besi linapanda kama mtu mzima anayepanda ngazi, akipumzika kila kona. Ngoma hazipigwi, zinafungwa, kama milango mizito ya chuma. Gitaa la pili liko mbali, linakwaruza kama mtu anayetafuta tundu la ufunguo gizani. Halafu anaimba mwanamume. Sauti yake ni nzito na ya chini, inatoka kana kwamba kuna maji juu yake. Haimbi kwa huzuni. Haimbi kwa furaha. Anataja tu vitu: taa ya ghorofa ya tatu haiwaki, kuna baiskeli ya mtoto, mtu anakaanga vitunguu.

Wimbo wa nne ndio wa mwisho upande wa kwanza. Mtu yuko chini ya jengo, lifti imekufa, na anaita kuelekea dirishani: "Usizime taa, napanda." Anasema hivyo kila ghorofa. Wimbo unaisha kabla hajafika.

Nikiusikiliza sihisi kitu. Lakini ni kutohisi kulikokaa vizuri zaidi. Watu wote wananisukuma nihisi, na huyu bwana hanisukumi. Anapanda tu.

Jumamosi, 2 Oktoba

Gazeti la muziki la wiki limeandika habari za Ngazi Pekee. Mistari miwili, chini kabisa, karibu na matangazo ya viatu. "Nyimbo nane za haraka za watu wanaokimbilia basi. Basi limeshaondoka."

Nimesoma mara nyingi. Haraka? Nadhani aliyeandika hakuipiga. Nadhani aliangalia jalada tu akataka kwenda kula.

Nimekasirika. Au nimefanya kile ambacho mtu aliyekasirika hufanya: nimelikunja gazeti likawa dogo sana.

Jumatano, 6 Oktoba

Mvua. Mama bado ananunua nyama ya watu wanne.

Jumamosi, 9 Oktoba

Dukani kwa Roland kuna desturi: mteja akiipenda santuri anaandika kadi kwa mkono, na Roland anaibandika juu ya jalada ili wengine wasome. Wavulana huandika mambo kama "Ukichukia hii wewe ni maiti." Mimi nimeandika yangu nyumbani, nikaiweka kaunta nikitazama pembeni.

Niliandika hivi: "Hii ndiyo santuri ya polepole kuliko zote nilizosikia. Mwanamume anayeimba hana haraka na wewe na haombi umhurumie. Anapanda ngazi na kitu kizito mgongoni, anakwambia amefika wapi. Ukiwa huhisi kitu, haikulazimishi. Inakaa na wewe. G.S."

Roland aliisoma, akakuna kichwa.

"Polepole, eh?"

"Ndiyo."

"Sawa. Kila mtu na masikio yake." Akaibandika. "Nilileta tano. Moja ni ya kwenu. Nne zimekaa hapo kama mayatima. Zisipouzwa kabla ya mwaka mpya nazirudisha, na wao huziyeyusha."

"Wanaziyeyusha?"

"Plastiki ni plastiki, dada. Utaikuta Krismasi ijayo kuna mtu anaimba nyimbo za kengele juu yake."

Jumatatu, 18 Oktoba

Noreen ameniuliza naimba nini. Sikujua kwamba naimba. "Umekuwa ukinguruma tangu asubuhi kama jokofu," alisema. Nikamwambia ni bendi. "Wana raha?" Nikasema hapana. "Basi wape kazi hapa."

Jumamosi, 30 Oktoba

Roland anasema mbili zimeuzwa, kwa sababu ya kadi yangu! Vijana wawili wenye makoti marefu. Nilirudi kwa miguu mpaka nyumbani, sikuona njia.

Ijumaa, 5 Novemba

Usiku wa mioto, kama kila tarehe tano Novemba. Mtaa mzima umechoma mbao na magodoro kwenye uwanja, wakakatiana keki ya molasi. Fataki zilipoanza Mama aliingia ndani. Baba akamfuata. Mimi nilibaki na sahani ya keki mkononi mpaka mtu akaichukua.

Jumapili, 14 Novemba

Jumapili ya kuwakumbuka waliokufa vitani. Miaka yote ilikuwa siku ya wazee na medali zao. Mwaka huu walituweka mstari wa mbele, tukiwa na maua mekundu ya karatasi vifuani. Mama alivaa koti jeusi la Bi Crookes kwa kuwa lake ni la kahawia.

Dakika mbili za kimya. Nilihisi watu wakinitazama upande mmoja wa uso kuona kama umelowa. Nilijaribu. Nilifikiria maji, nilifikiria baridi yake. Nilifikiria vile Adrian alivyokuwa anakula yai, akikata mkate vipande vyembamba na kuvipanga kama askari. Hakuna. Kikapita kichwani kile kitu kimoja: usizime taa, napanda. Tarumbeta ikalia, dakika zikaisha.

Kurudi nyumbani Mama alisema, "Ulisimama vizuri." Baba alivua tai akaitia mfukoni.

Alhamisi, 18 Novemba

Kwenye baa ya kona wameanza nyimbo za Krismasi, zile za huku kwetu ambazo hazimo vitabuni. Kila mwaka Baba huimba sauti ya chini na Adrian alikuwa akisimama naye. Leo walikuja kumwita. Alisema ana mafua. Hana mafua.

Jumamosi, 20 Novemba

Nitaandika yote, mkono ukichoka utachoka.

Nilipanda kwa Roland saa nne asubuhi. Dukani kulikuwa na msichana mmoja tu ameegemea kaunta, anakula chipsi kwenye karatasi. Nywele kazikata mwenyewe, inaonekana, na amevaa koti la kazi la chumba cha kufulia cha hospitali. Spika zilikuwa zinapiga kitu nisichokijua. Wimbo mkali, wa mbio, ngoma kama mvua ya mawe juu ya bati, na msichana anaimba kwa sauti ya juu, anatania, anapumua kati ya maneno kama mtu anayepanda ngazi mbili mbili. Nikaona ni mzuri. Nikashangaa kwamba nimeona ni mzuri.

"Nani huyu?" nilimuuliza Roland.

Alinitazama kana kwamba nimemuuliza jina lake.

"Unanitania."

"Hapana."

"Ni santuri yako, Gaynor. Lifti Mbovu."

"Siyo," nikasema. "Yule ni mwanamume."

Msichana aliacha kutafuna. Alichukua jalada lenye kadi yangu, akalinyanyua kifuani kama kitambulisho.

"G.S.? Wewe ndiye G.S.?" Alikuwa na chumvi midomoni. "Roland! Huyu ndiye aliyenigeuza mwanamume! Mama yangu amecheka kwa kadi hii mpaka akatoa meno ya bandia."

"Yvonne, taratibu," Roland akasema.

"Taratibu nini? Mwanamume mwenye kitu kizito mgongoni! Mimi nina kilo hamsini nikiwa nimelowa."

Roland alikuwa ameshaelewa. Nilimwona akielewa. "Ndiyo maana wale wawili wamezirudisha zao," akasema polepole. "Walisema kadi inadanganya. Nikafikiri ni wakorofi tu. Gaynor, hiyo ni santuri kubwa lakini imekatwa kwa mwendo wa arobaini na tano. Haikuandikwa kwenye lebo. Unaipiga kwa thelathini na tatu."

"Nilimwambia mpiga ngoma tuandike," Yvonne akasema. "Akasema ikiandikwa haitakuwa na fumbo. Fumbo! Huyo anavaa viatu bila kujua kushoto na kulia."

Nilisikia masikio yangu yakiwaka. Nilitaka kushuka zile ngazi mpaka kwa muuza utumbo na kujificha kati ya ndoo zake.

"Sogeza tu swichi, dada," Yvonne aliniambia, sasa kwa upole. "Kidole kimoja. Hakuna aliyekufa."

Roland akafunga macho.

"Siwezi kuigusa," nikasema.

"Imevunjika?"

"Hapana. Ni ya kaka yangu, aliyeiagiza santuri yenu mwezi wa tatu. Ndivyo alivyoiacha swichi."

Hakuuliza tena. Pengine alikumbuka picha magazetini, Sheffield ni kijiji kikubwa. Alizikunja chipsi zake ndani ya karatasi, akajipangusa vidole kwenye koti.

"Roland, iweke yeye anavyoisikia. Wimbo wa nne."

Roland aliteremsha mwendo. Yule bwana wangu akaanza kupanda. Pale dukani, kwenye spika kubwa, alikuwa mzito zaidi, na besi ilitembea ndani ya mbao za sakafu. Yvonne alisikiliza ameinamisha kichwa. Hakucheka. Wimbo ulipoisha alinyanyua kichwa.

"Jamani," akasema. "Huyu jamaa anajua kuimba kuliko mimi."

Roland akacheka. Nadhani na mimi nilitoa sauti.

"Mimi nilikuwa naimba juu ya kuchelewa," Yvonne akasema. "Nilikuwa nachelewa kwa mpenzi wangu, ghorofa ya tisa, lifti mbovu, basi. Nilikuwa nakimbia. Sikujua kuna mwingine anapanda nyuma yangu." Akanigeukia. "Lakini yangu pia isikilize, eh? Mara moja. Kaka yako lazima alitusikia kwenye ukumbi wa kanisa mwezi wa pili, maana kule tu ndiko tulikowahi kuupiga kabla ya kurekodi. Alikuwa anausubiri huo wa mbio."

"Niupige tena sasa hivi?" Roland akauliza.

"Si hapa," nikasema.

Nilishuka. Ilikuwa inanyesha. Nimeandika yote na mkono haujachoka.

Jumapili, 21 Novemba

Kuna kitu sikukifikiria mpaka leo kanisani. Kwa miezi miwili nilidhani nasikiliza pamoja naye. Kumbe alikuwa anasubiri wimbo mwingine, nami nimekaa na mtu mwingine kabisa.

Jumatatu, 22 Novemba

Niliingia. Niliweka kidole karibu na swichi. Nikakitoa.

Ikisogezwa, hakuna tena mahali kidole chake kilipoishia. Isiposogezwa, sitasikia alichotaka kusikia. Sioni njia ya tatu.

Alhamisi, 25 Novemba

Sijaigusa. Uma.

Jumatano, 1 Desemba

Sijaigusa. Theluji nyepesi, imeyeyuka kabla ya chai.

Jumanne, 7 Desemba

Noreen: "Jokofu limezimwa?" Ni kweli, siimbi tena. Sijui niimbe upi.

Nilimwambia. Sikupanga. Nilimwambia habari za swichi na kidole, yote, na gurudumu lake likaendelea kuzunguka bure. Aliniacha nimalize. Halafu akasema, "Mume wangu alipokufa aliacha alama ya mkono wenye grisi kwenye mlango wa choo. Sikuifuta miaka mitatu. Kila aliyeingia kukojoa alimpita Harry."

"Halafu?"

"Halafu dada yangu akaupaka mlango rangi nikiwa hospitali. Nilimtukana matusi ambayo hata mimi sikujua nayajua." Akarudi kwenye kijiko chake. "Choo kilipendeza lakini."

Jumamosi, 18 Desemba

Gazeti limetoa orodha ya santuri bora za mwaka. Ngazi Pekee haimo. Nimesoma majina yote, hata yale ya herufi ndogo.

Ijumaa, 24 Desemba

Karakana ilifunga saa sita mchana. Wanawake walikunywa mvinyo mtamu kwenye vikombe vya chai na Noreen akanibusu na kuniachia wino wa gazeti shavuni. Nilirudi nyumbani mapema kuliko siku zote, na Mama alikuwepo, anafuta vumbi. Mlango wa Adrian ulikuwa wazi.

Alikuwa amefika kwenye gramafoni. Niliona kitambaa cha njano kikipita juu ya kifuniko, kikashuka pembeni. Akaisukuma swichi juu, tk. Akapangusa. Akaisukuma chini, tk.

"Usiguse!"

Sijapaza sauti tangu mwezi wa tano. Mama aliruka akagonga rafu.

"Una wazimu? Unataka nife mkesha wa Krismasi?"

"Umeigusa swichi."

"Swichi ipi?"

"Hiyo. Adrian aliiacha hivyo. Chini."

Mama aliitazama swichi, akanitazama mimi, akaitazama tena.

"Gaynor, hii naisogeza kila Ijumaa. Vumbi linajificha chini yake. Juu, chini, nikimaliza naiacha chini ili kitambaa kisinase."

"Kila Ijumaa?"

"Tangu alipoondoka. Na yeye hakuwahi kuiacha chini hata siku moja. Alikuwa na vile visanturi vidogo tu, wimbo mmoja, dakika tatu, anarudia, anarudia. Nilikuwa nampigia kelele kutokea jikoni. Ilikuwa juu siku zote."

Nilikaa kitandani. Ndiyo, kitandani, pale ambapo hakuna aliyekaa. Miezi mitatu nimelinda alama ya kitambaa cha vumbi. Nimempigia magoti Mama akiwa kazini.

Kikanitoka kicheko. Kilitoka vibaya, kama mtu anayekohoa mwiba wa samaki. Mama alitaka kuuliza, halafu akaona santuri kubwa mkononi mwangu, maana nilikuwa nimeshaitoa chini ya godoro langu, akaelewa kiasi, na yeye akaanza. Tulicheka bila furaha yoyote, hatukuweza kuacha. Alikuwa ameketi sakafuni na kitambaa chake.

"Ni ipi hiyo?" akauliza.

"Aliiagiza. Imefika Septemba."

Mama alinyoosha mkono. Alisoma jalada mbele na nyuma, ingawa halina cha kusoma. Halafu akasema, "Haya. Iweke."

Sauti ya Baba ikapanda kutoka jikoni:

"Na kama mnapiga, pigeni kwa sauti! Tangu Septemba nasikiliza besi ya hicho kitu kupitia dari na sijapata hata neno moja!"

Mama aliniangalia. Nikasema, "Arobaini na tano." Akaisukuma juu yeye mwenyewe, kwa kitambaa, tk, akaja kukaa kitandani kando yangu.

Baba alipanda akiwa na soksi tu, akasimama mlangoni kwanza, kisha akaja kukaa kitandani upande wangu wa pili. Mikono yake ilinuka vitunguu. Sauti ya Yvonne iliingia mbio. Nyimbo tatu zilipita, na mguu wa Baba ulianza kugonga, akautazama kama si wake.

Wimbo wa nne. Usizime taa, napanda, usizime taa, napanda, ghorofa baada ya ghorofa, anacheka katikati ya pumzi.

"Anakimbia kweli huyu mtoto," Mama akasema.

"Angeurudia," Baba akasema. "Angeurudia mpaka ukatamani kumtupa dirishani."

"Urudie," Mama akasema.

Niliurudia. Sikulia. Lakini unajua mguu uliokufa ganzi unapoanza kurudi? Hauumi bado. Unachomachoma, na unaogopa kuukanyaga. Nilibaki nimekaa vile, katikati yao, siukanyagi.

Ijumaa, 31 Desemba

Roland amerudisha zilizobaki, isipokuwa moja ambayo amesema ameipoteza. Ipo nyuma ya kaunta, nimeiona. Kadi yangu bado iko juu yake. Chini yake Yvonne ameandika: "Kwa mwendo wowote. Y."

Jumanne, 4 Januari 1983

Uma. Noreen anasema jokofu limepona, na sasa linanguruma haraka zaidi.

Ijumaa, 7 Januari

Ofisi zimefunguliwa, Mama amerudi kwenye ratiba yake. Wiki nzima nimeiacha swichi juu, kama alivyoiacha Adrian, na jioni tunapiga nyimbo mbili au tatu kwa sauti ya kawaida. Juzi Baba alipiga mluzi jikoni.

Leo nilipofika kutoka kazini Mama alikuwa ameshafuta vumbi na kuondoka. Niliingia. Swichi ilikuwa chini.

Inawezekana ni kitambaa. Inawezekana ni mazoea ya mkono. Lakini santuri ilikuwa imeshawekwa juu ya sahani yake, upande wa kwanza, na sindano ilikuwa imeachwa mwanzoni mwa wimbo wa nne. Kifuniko kilikuwa bado na uvuguvugu wa mashine iliyotoka kupigwa.

Sikuisogeza. Nilikaa kitandani nikamsikiliza yule bwana akipanda, ghorofa kwa ghorofa, mpaka wimbo ukaisha kabla hajafika. Baada ya hapo ndipo nilipoirudisha juu.

Wewe uliyesoma mpaka hapa, lile la kwanza, la kutolia, ukimwambia mtu sitakulaumu sana. Lakini hili la Ijumaa liache humu. Usimwambie Yvonne, usimwambie Baba. Na Mama hasa, usimwambie kwamba najua.